Nyotamkia hutoka wapi?

Ndugu, umeuliza kama nyotamkia huzaliwa karibu na Jua, kwa kuwa huko ndiko hung'aa zaidi. Hapana, zinatoka mbali mno. Baadhi hutoka ukanda wa Kuiper, eneo la mabonge ya barafu ng'ambo ya sayari ya Neptuni, iliko Pluto. Nyingine hutoka wingu la Oort, kundi la mabonge kama hayo lililo mbali zaidi, ambalo hakuna darubini iliyowahi kuliona moja kwa moja. Huko nyotamkia ni mabonge ya barafu na vumbi tu, hayana mkia kabisa. Mkia hutokea bonge likikaribia Jua: barafu inageuka mvuke, vumbi linachomoka nao. Nyotamkia ya Halley ilipita 1986, itarudi 2061. Na nyotamkia ya Borisov, iliyogunduliwa 2019, ilitoka kwenye mfumo wa nyota nyingine kabisa! Hiyo ndiyo inayonisisimua kuliko zote.