Wasomaji Wanauliza: Mtambo wa Upepo wa Jirani Unaninyima Usingizi

SWALI: Mhariri, jirani yangu amesimamisha mtambo mdogo wa upepo karibu na mpaka wa viwanja vyetu, upande wa dirisha langu la chumba cha kulala. Mchana haunisumbui, lakini usiku, hata pale majani ya miti yanapokuwa yametulia, husikika mvumo ambao mara nyingine hugeuka kuwa mlio mkali kama wa filimbi. Nilipomweleza, alinijibu kwamba ameupima kwa simu yake na kelele zake hazizidi za mazungumzo ya kawaida. Je, ninayoyasikia ni ya kweli, na nimkabili vipi bila kuvunja ujirani?

JIBU: Ni ya kweli, na hata hilo la majani kutulia lina maelezo yake. Jua likizama ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hutulia, ilhali juu kwenye kilele cha mlingoti upepo huweza kuendelea kuvuma. Mapanga huzunguka kama yalivyozunguka mchana, lakini kelele za magari, watu na matawi, ambazo mchana zilikuwa zikiufunika mvumo huo, zimekwisha. Nyumba yako ikiwa upande ambao upepo unaelekea, sauti hukufikia vizuri zaidi, na ndiyo sababu jirani mwingine wa upande wa pili anaweza kuapa kwamba hasikii kitu, naye asiwe mwongo.

Jibu la jirani yako kuhusu mazungumzo ya kawaida halimwokoi. Mazungumzo ya kawaida hufikia takriban desibeli 60, wakati Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele za usiku kwa nchi za Ulaya uliotolewa mwaka 2009, lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 40 nje ya nyumba. Kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 10 sikio hulipokea kama sauti iliyokaribia kuongezeka maradufu, tofauti ya 20 si ndogo. Hata hivyo, nisingekitegemea kipimo cha simu, si chake wala chako: upepo ukipiga kipaza sauti cha simu huzalisha kelele zake wenyewe, na mara nyingi hizo ndizo zinazopimwa. Isitoshe, mlio wa filimbi huudhi kuliko mvumo mpana wenye desibeli zile zile, na kanuni nyingi za kelele huuhesabu kwa ukali zaidi kwa sababu hiyo.

Huo mlio ndio ningeuanzia, kwa sababu mtambo mdogo ulio mzima haupigi filimbi. Huenda ukingo wa panga mojawapo umemeguka, au upepo unapita kwenye tundu la boliti, au nyaya zinazoshikilia mlingoti zimelegea. Kisababishi ambacho wenye mitambo wengi hawakifikirii ni betri: zikijaa, na kifaa cha kudhibiti chaji kikaukata umeme bila kuupeleka kwenye kifaa kingine cha kuutumia, jenereta hukosa cha kuizuia na mapanga hukimbia kupita kiasi. Kelele za mapanga hupanda kwa kasi ya kutisha kadiri ncha zake zinavyokimbia. Kinyume chake, kupunguza mwendo huo kwa asilimia 20 tu huweza kushusha sauti kwa karibu desibeli 5. Mkwaruzo au mngurumo unaosikika hata kwenye upepo hafifu, kwa upande mwingine, huelekea kwenye beringi.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi kwa jirani, andika kwa wiki kadhaa saa uliyosikia sauti, upepo ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu gani, sauti ilikuwa ya aina gani, na kama dirisha lilikuwa wazi. Kisha mwombe jambo moja lisilo na gharama: usiku ambao unakukera, ausimamishe mtambo kwa dakika chache na kuuwasha tena, huku nyote wawili mkisikiliza kutoka chumbani kwako. Mitambo mingi midogo ina swichi ya breki kwa kazi hiyo. Jaribio hilo humaliza ubishi wa kama sauti ipo au haipo, na kinachobaki ni kutafuta fundi. Utaona pia kwamba mnachokitafuta ni kimoja, maana mtambo unaokimbia ovyo au wenye panga bovu unajiharibu wenyewe.

Usijitie katika gharama ya kuinua ukuta au kupanda miti kwenye mpaka. Chanzo cha sauti kiko juu ya vyote hivyo. Umbali ndio unaosaidia: kila unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Yote yakishindikana, andika barua, tafuta msuluhishi mnayemheshimu wote wawili, kisha uende kwenye mamlaka iliyotoa kibali cha ujenzi ukaulize masharti yake na kuomba kipimo cha mtaalamu mwenye chombo kilichohakikiwa.

SWALI: Mimi niko upande wa pili wa ugomvi wa namna hiyo, kwani mtambo ni wangu. Majirani wananitaka nifupishe mlingoti ili kelele zipungue. Nikubali?

JIBU: Usifupishe. Chini, karibu na mapaa na miti, upepo huja ukiwa umevurugika, na mapanga yanayopigwa na upepo wa kugeukageuka hupiga kelele zaidi na kuchakaa mapema. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba sehemu ya chini kabisa ya mapanga iwe angalau mita 9 juu ya chochote kilichomo ndani ya mita 90. Na kwa kuwa nguvu inayopatikana hufuata mchemraba wa kasi ya upepo, yaani kasi mara kasi mara kasi, ukipoteza asilimia 20 ya kasi umepoteza karibu nusu ya umeme. Kama mlingoti umefungwa kwenye ukuta wa nyumba iliyoungana na ya jirani, hapo nasimama nao: mtetemo husafiri ndani ya kuta zenyewe, na kwa maoni yangu mtambo wa namna hiyo haukupaswa kuwekwa pale.

Badala ya kufupisha, kubalianeni saa za usiku ambazo mtambo utasimama, na ikiwezekana uwafikirie majirani katika faida. Watafiti nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2009 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliopata kipato kutokana na mitambo ya upepo hawakukerwa nayo sana, ingawa wengi wao waliishi karibu zaidi na sauti ilikuwa kubwa zaidi kwao. Mitambo hiyo ilikuwa mikubwa, lakini sioni kwa nini moyo wa jirani wa mtambo mdogo uwe tofauti. Waya mmoja wa taa ya uani kwa jirani huenda ukakugharimu kidogo kuliko kesi.

SWALI: Nimesikia kwamba mitambo hii hutoa sauti za chini zisizosikika ambazo huumiza mwili. Je, ni kweli?

JIBU: Sauti hizo zipo, na upepo na mawimbi ya bahari huzitoa pia, lakini madhara yanayodaiwa hayajathibitishwa. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Ufini na kukamilika mwaka 2020 haukuona kwamba sauti hizo ndizo zinazosababisha dalili walizolalamikia watu. Kero na kukosa usingizi kwa sababu ya sauti zinazosikika ni jambo jingine, na hilo lichukuliwe kwa uzito kama kelele nyingine yoyote ya usiku. Ila kama masikio yako yanavuma hata mtambo ukiwa umesimama, muone daktari wa masikio. Hapo jirani hahusiki.