Jibu kwa kijana wa Chake anayeuliza kama alipe laki nane ili apate wa kumsimamia

Assalam alaykum mdogo wangu, na wote mliomo humu.

Nimeusoma uzi wako mara mbili kabla sijaandika. Unasema una miaka 23, uko Chake Chake, diploma unayo, na mwaka na nusu sasa unajifunza uprogramu peke yako. Kozi sita umezianza na hukumaliza hata moja. Rafiki yako aliyehamia Unguja ameshapata kazi. Sasa kuna kozi ya miezi mitatu Mjini Unguja, laki nane, na swali lako umelimalizia hivi: nilipe, maana huko angalau atakuwepo mtu wa kunisimamia?

Usilipe bado. Mimi nililipa, mwaka 2016, kituo kimoja cha Mjini ambacho jina lake halina haja. Nilihudhuria kila siku, nikakaa mstari wa mbele, nikapewa cheti chenye muhuri. Niliporudi nyumbani Wete nilifungua laptopu, nikafungua faili tupu, nikataka kuandika programu ya kujumlisha namba mbili bila ya kutazama daftari. Sikuweza. Nilikaa mbele ya kile kijistari kinachowaka na kuzima mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mwalimu alikuwepo miezi yote mitatu, akanisimamia nifike, nikae, nisikilize. Kuandika kwangu hakukusimamiwa na mtu, na mimi mwenyewe sikuwa nimejisimamia.

Nilivunjika moyo sana, sikufichi. Lakini usiku ule nilikumbuka jambo ambalo wewe pia umelipitia, kwa sababu hapana mtoto wa Pemba asiyepita chuoni kusoma Kurani. Ustadhi wetu hakumpa mtu aya mpya mpaka amsomee za jana kwa moyo, msahafu umefungwa. Hakuuliza umesoma saa ngapi. Hakuuliza kama umefahamu. Alisema "soma", basi. Ukikwama anakutupia neno moja, ukikwama tena unarudi mkekani kudurusi, na wenzako wanakupita. Kwa njia hiyo watoto wa miaka tisa wanahifadhi juzuu nzima, na hakuna anayewaambia kuwa wana kipaji.

Nikajiuliza, kwa nini uprogramu nausoma kama mtu anayesikiliza redio? Video inamaliza, nyengine inaanza, mwalimu anaandika na mimi natikisa kichwa. Kutikisa kichwa ndiko kunakodanganya. Ukimwona mtu anapanda mkarafuu unaona njia yote ya mguu wake, lakini kuona huko hakukufikishi tawini.

Kuanzia siku ile niliweka sharti moja. Kabla ya kugusa somo jipya, nafungua faili tupu na kuandika upya programu ya jana, bila ya kutazama. Isipofanya kazi, hakuna somo jipya siku hiyo. Wiki ya kwanza sikusogea hata hatua moja, siku sita nzima kwenye zoezi lilelile la kupanga orodha ya majina. Ya pili nilipata masomo mawili. Ukilinganisha na wale wanaomaliza "saa 40 za video" kwa mwezi, mimi nilikuwa kobe. Ila kilichoingia kilikaa.

Kwa hiyo hizo kozi sita zako zisikuumize sana. Sikuulizi ngapi umemaliza, nakuuliza: ukifunga kila kitu sasa hivi, nini unaweza kuandika? Liandike jibu hilo kwenye karatasi leo, hata likiwa mistari mitatu. Hapo ndipo ulipo kweli, na pa kuanzia ni hapo.

Sasa nikueleze sehemu ambayo sikuipata kwenye kozi yoyote, maana ndiyo iliyonifanya nisiache.

Msimu wa karafuu ulipoingia, ami yangu mwenye shamba kule Mtambwe alinitaka nikamsaidie daftari. Unajua mambo yalivyo: wachumaji wanakuja na pakacha na polo zao, karafuu zinapimwa kwa pishi, unaandika jina na pishi, siku ya malipo unajumlisha. Nikamwambia, ami, nitakutengenezea programu. Akaniambia, "Haya, lakini siku ya malipo ni Alkhamisi, na hawa watu wana watoto." Hakuongeza neno.

Maneno yale yalinisimamia kuliko mwalimu yeyote. Nilipokuwa najifunza kwa ajili yangu tu, nikilala mapema hakuna aliyedhurika. Sasa kulikuwa na haki ya mtu ndani yake.

Nikatengeneza fomu ndogo kwa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za intaneti, visanduku viwili kwa kila mchumaji: pishi za asubuhi na pishi za jioni. Jaribio la kwanza niliweka 10 asubuhi, 5 jioni. Jumla ikaja 105. Malipo, tuseme kwa shilingi 1,000 kila pishi, yakaja 105,000 badala ya 15,000. Ami akasogeza miwani, akaniuliza huyu ana mikono mingapi.

Siku mbili nililitafuta kosa lile mahali ambapo halikuwepo. Niliifuta hesabu ya malipo nikaiandika upya mara nne, kwa sababu nilidhani kosa liko kwenye kuzidisha. Usiku wa pili nilichukua karatasi, nikaandika mstari mmoja mmoja: hapa natarajia nini, na hapa natarajia nini. Kisha nikamwambia brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, anioneshe kila thamani na aina yake. Mstari wa tatu tu nikaliona: ile 10 haikuwa namba, ilikuwa maandishi. Kisanduku cha fomu humpa programu maandishi, hata kama umeandika tarakimu. Na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi mawili huyaunga, ile 10 na ile 5 zikawa "105". Kilichonipoteza ni kwamba alama ya kuzidisha haifanyi hivyo, yenyewe huyageuza maandishi kuwa namba kimyakimya. Kwa hiyo malipo yalitoka yakiwa namba safi kabisa, na nikaamini kila kitu ni namba. Dawa yake ni neno moja, Number, kuzizunguka zile thamani mbili kabla ya kujumlisha.

Usiku mbili kwa neno moja. Lakini tangu siku ile sijawahi kuanza kutafuta kosa kwa kufuta na kuandika upya. Naanza na karatasi: natarajia nini, nimepata nini, na wapi viwili hivyo vimeachana. Ukiuliza watu wazima wa kazi hii kuvumilia maana yake nini, wengi wana kitu cha namna hiyo. Kukaa saa tano ukibonyeza vilevile na kuomba Mungu safari hii ikubali, hiyo ni kujichosha, usijihesabie kuwa ni subira. Kila jaribio likuachie jambo moja ulijualo ambalo hukulijua kabla yake, hata kama ni "kosa haliko hapa". Ukiona majaribio matatu hayakukuachia kitu, simama, ukatembee mpaka baraza ya jirani, urudi na karatasi. Ukikwama tena ndipo uulize, na swali lako liwe na hayo mawili: nilitarajia hiki, nimepata hiki. Nakuhakikishia utajibiwa haraka kuliko "jamani programu yangu haifanyi kazi".

Kosa la pili sikuliona mimi, aliliona mama mmoja mchumaji. Kipimo cha kwetu ni pishi na vibaba, na pishi moja ni vibaba vinne. Alipima pishi tatu na vibaba vitatu asubuhi, na vivyo hivyo jioni. Mimi nikaandika 3.3 na 3.3. Programu ikasema 6.6, malipo 6,600. Yule mama alihesabu kwa vidole akasema, "Mwanangu, mimi nina pishi saba na nusu." Alikuwa sawa. Vibaba sita ni pishi moja na nusu, jumla 7.5, malipo 7,500. Angekosa shilingi 900 kwa sababu mimi nilidhani nukta ni nukta. Nililala nikiwa na aibu, na asubuhi nikabadilisha programu nzima ihesabu vibaba tu, namba kamili, na pishi zitokee wakati wa kuonesha peke yake. Kisha nikapitia siku zote zilizotangulia, nikakuta wengine wawili wamepunjwa, na ami akawalipa tofauti yao.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kujifunza na kuwa mtengenezaji wa programu. Zoezi la kwenye kozi likikosewa linakuambia "jaribu tena". Mama yule alikuwa amesimama mbele yangu.

Ndiyo maana nakuambia usinunue msimamizi. Mtafute mtu mmoja ambaye kazi yako itamgusa, mwenye duka la simu Machomane, mama anayeuza maandazi kwa mkopo, mwalimu wa skuli anayejaza alama kwa mkono mpaka usiku wa manane. Mwambie utampa kitu fulani kidogo siku fulani. Usimwambie "najifunza", mwambie siku.

Umegusia pia yule Brendan Eich, kwamba JavaScript aliitengeneza kwa siku 10 Mei 1995 na wewe mwaka na nusu umeshindwa hata kuifahamu. Habari ya siku 10 ni kweli. Lakini mtu yule alipoingia Netscape, kampuni ya brauza alikoitengenezea lugha hiyo, alikuwa ameshafanya kazi kwa miaka kwenye kampuni za kompyuta za Silicon Graphics na MicroUnity. Unajipima na siku 10 zake, miaka yake huihesabu. Na rafiki yako wa Unguja hukutuambia alianza lini, alikwama mara ngapi, nani alimshika mkono. Mimi kutoka usiku ule wa faili tupu mpaka malipo yangu ya kwanza ilinichukua miaka mitatu na miezi miwili.

Na katika hiyo miaka mitatu niliacha mara moja. Nilikwenda usaili Mjini, nikavuka na boti usiku, nikaulizwa maswali nusu saa, nikaambiwa tutakupigia. Hawakupiga. Siku arobaini sikuigusa laptopu. Kilichonirudisha hakikuwa hamasa, kilikuwa kipande cha karatasi. Nilikuwa na desturi ya kumaliza siku kwa kuandika kazi ya kesho kwa maneno madogo kabisa, na ile ya mwisho ilisema: "kitufe cha kufuta mchumaji hakifuti mpaka ubonyeze mara mbili." Siku moja nikaiona ndani ya daftari. Ingekuwa imeandikwa "endelea na JavaScript" ningeifunga. Lakini kitufe kibovu nakijua, nikakaa, nikakitengeneza kwa robo saa, na kesho yake nikarudi. Sikujaribu kulipia zile siku arobaini kwa kukesha, kila nikijaribu kulipia madeni ya namna hiyo ninaangukia kitandani siku ya tatu.

Umelalamika pia umeme na bando. Nakufahamu. Mimi nimekulia Wete enzi za majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, najua giza ni nini. Lakini kuandika programu hakuhitaji intaneti, kutazama video ndiko kunakohitaji. Pakua maelezo ya lugha unayosoma mara moja, funga data, fanya kazi. Bando lako likawa la kuulizia na kupakia kazi tu. Mafunzo yenyewe ya bure yapo na ni mazuri: freeCodeCamp ipo tangu 2014, na CS50, kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard anayofundisha David Malan, unaifuata bila ya kulipa senti. Chagua moja, nyengine zifute kwenye simu. Jifunze pia Git mapema, chombo kinachotunza orodha ya kila badiliko la programu yako, kila siku uweke humo ulichofanya pamoja na sentensi moja. Ukitaka kujua umefanya nini mwezi huu, usiuulize moyo, utakupa jibu kulingana na ulivyoamka. Isome orodha ile.

Laki nane yako iweke. Kama betri ya laptopu imekufa kama ulivyosema, anza na hiyo. Kozi utailipia baadaye ukitaka, siku utakayoweza kuingia darasani na maswali yako mwenyewe. Hapo mwalimu atakufaa kweli.

Na kwa kuwa umeomba mtu wa kukusikiliza, mimi nipo. Sikutozi kitu. Ijumaa baada ya isha niandikie hapahapa kwenye uzi huu, ili na wengine waone. Usiniletee kozi uliyofika asilimia ngapi. Niletee programu moja uliyoiandika kutoka faili tupu, na jina la mtu utakayemtengenezea kitu na siku uliyomwahidi. Ikiwa haifanyi kazi niletee hivyohivyo, pamoja na ile karatasi.