Digrii bado sijamaliza, naweza kuomba udaktari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Familia yetu ilihamia Marekani kama wakimbizi, tukitokea kambi ya Nyarugusu. Niko mwaka wa tatu chuoni hapa Ohio, nasoma biolojia, nitahitimu Mei 2027. Wenzangu wanatuma maombi ya udaktari Juni hii. Nitaombaje na digrii sina? GPA yangu (wastani wa alama zote, juu kabisa ni 4.0) ni 3.3; mwaka wa kwanza Kiingereza kilinisumbua, nikapata C ya kemia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuomba unaruhusiwa. Vyuo vingi vya udaktari huku vinataka digrii iwe imekamilika siku ya kuanza masomo, si siku ya kuomba. Mchakato wenyewe unakula zaidi ya mwaka: fomu ya AMCAS, ambayo vyuo vingi vinavyotoa M.D. (digrii ya udaktari wa tiba) huitumia kwa pamoja, hufunguliwa Mei, kisha zinakuja insha za kila chuo, halafu usaili. Ukituma Juni 2026, darasani ni kiangazi cha 2027, ukiwa umeshavaa joho. Ukipata nafasi halafu usihitimu, nafasi hiyo huna tena.

Wasiwasi wangu uko kwenye 3.3. Ukituma sasa, alama za mwaka wa nne hazimo. Tuchukue kwamba una krediti 90, yaani uzito wa masomo uliyokwisha kusoma. Mwakani ukisoma 30 na zote ukapata A, unafika karibu 3.48. Wastani wa wanaopokelewa M.D. miaka hii umepita 3.7, kwa hiyo pengo bado lipo, lakini msomaji wa faili lako ataona mtoto anayepanda. Na ile C usiirudie ukidhani itafutika: AMCAS huhesabu alama zote mbili. Chukua biokemia, uipate vizuri.

Ningekuwa mzazi wako ningekuambia utume Juni 2027. Najua nyumbani wanahesabu miaka, na mwaka mmoja wa kusubiri unaonekana mrefu. Ila mwaka huo unaweza kufanya kazi hospitalini, na Kiswahili chako kina wagonjwa wanaokihitaji. Kuomba mara ya pili baada ya kukataliwa kote kunachosha moyo na mfuko.

Kuhusu mfuko: AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoendesha AMCAS, kina mpango wa kuwasaidia waombaji wenye kipato kidogo, na waliopewa hadhi ya ukimbizi wanaweza kuuomba. Hupunguza ada ya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, na hulipia fomu ya AMCAS. Uombe kabla hujajiandikisha MCAT, kwa sababu ulichokwisha kulipa hakirudishwi. Huenda watataka taarifa za kipato cha wazazi pia, basi kaa nao mapema uwaeleze ni za nini.

Jambo la mwisho ni transkripti, ile orodha rasmi ya masomo na alama zako. Ichukue kwa msajili wako kabla hujaanza kujaza, kisha andika kila somo kama lilivyo pale: namba yake, krediti, alama. AMCAS hulinganisha mstari kwa mstari. Mwanafunzi wangu mmoja aliunganisha kemia ya darasani na ya maabara kuwa somo moja wakati transkripti ilizitenganisha. Fomu ikarudishwa, wiki zikapotea, na vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri mafaili yanavyoingia. Barua za walimu nazo ziombe kabla hujaondoka chuoni, wakati bado wanakukumbuka ulipokuwa ukikaa.