Anza na wimbo wa SMAP wa 2003

"Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" ndio rahisi kuliko zote kwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu kwenye karaoke ya Japani. SMAP, kundi la waimbaji wa kiume wa Japani, waliuimba kwa pamoja, sauti moja, hakuna mbwembwe za kupanda juu ghafla, na ulipovuma 2003 wenye umri huo walikuwa bado shuleni, kwa hiyo ukisahau maneno chumba kizima kitakubeba. Sauti yako nzito? Basi "Sakurazaka" ya mwimbaji Fukuyama Masaharu, 2000. Inakwenda polepole, unapata nafasi ya kupumua.

Ukitaka watu wasimame, weka "Chiisana Koi no Uta" ya MONGOL800, bendi ya vijana wa Okinawa, 2001. Hiyo hata kupiga kelele tu inatosha. Ukifika kwenye neno "hora" (yaani "tazama") linaloanza kiitikio wenzako watakunyang'anya maiki. Naimba na wafanyakazi wenzangu huku, na huu haujawahi kuangusha mtu.

Ila kaa mbali na "Konayuki" ya bendi ya Remioromen. Beti zinakulaghai kwa upole, halafu kiitikio kinaruka juu na koo linakatika mbele ya bosi. Bendi ya Spitz nao vivyo hivyo, "Cherry" inasikika nyepesi lakini yule mwimbaji ana sauti ya juu sana. Ukiing'ang'ania, tumia kile kirimoti cha skrini kushusha ufunguo wa wimbo (key, si ukubwa wa sauti) hatua mbili tatu kabla hujaanza. Wenyeji wenyewe wanashusha, wala si aibu.