Jedwali la MySQL likiharibika, uliza injini kabla ya kununua programu

Wateja wangu wengi ni wenye maduka ya jumla, na simu zao hufanana: umeme ulikatika, UPS ilishakufa kitambo, sasa mfumo wa mauzo, ambao data zake zimo kwenye databesi ya MySQL, unawaka lakini haukubali kuuza. Baadhi yao wanapopiga wameshashusha programu ya kufufua databesi, wanataka tu kujua kama walipie.

Swali langu huwa jingine: jedwali lililoharibika ni la injini gani, yaani sehemu ipi ya MySQL inayohifadhi na kusoma data zake? Amri ya SHOW TABLE STATUS hujibu, ila kwa jedwali lililoharibika safu ya Engine inaweza kuonyesha NULL, yaani patupu. Basi fungua folda ya data. Ukikuta faili za .MYD na .MYI, hiyo ni MyISAM. Ukikuta .ibd, ni InnoDB.

Kabla ya yote, zima seva, unakili folda nzima kwenye diski nyingine, pamoja na ibdata1 (faili la pamoja la InnoDB) na faili za logi. Usichukue .ibd peke yake.

MyISAM haina makuu. Mara nyingi kilichoharibika ni faharasa (orodha ya kutafutia data haraka) tu, na amri ya REPAIR TABLE huijenga upya kutoka kwenye data. Seva ikiwa inafanya kazi, tumia mysqlcheck. Ikiwa imezimwa, myisamchk. Kuendesha myisamchk huku seva inaandika kwenye jedwali lilelile ni kuongeza uharibifu. Wenye tovuti za WordPress wana WP_ALLOW_REPAIR, mstari unaoongezwa kwenye wp-config.php ili kufungua ukurasa wa kutengeneza majedwali, lakini ukurasa wake hufunguka bila nywila, kwa hiyo ufute mstari huo mara ukimaliza.

InnoDB, ambayo ndiyo chaguo-msingi tangu MySQL 5.5, haijui REPAIR TABLE kabisa. Kwa kawaida hujiponya yenyewe kwa logi zake seva inapowaka. Ikigoma kuwaka, kuna mpangilio wa kuilazimisha, innodb_force_recovery, wenye ngazi 1 hadi 6. Anza na 1, panda moja moja, na kuanzia 4 fanyia kwenye nakala tu, maana ngazi hizo zinaweza kuharibu data isirudi tena. Tena hayo si matengenezo: unaiamsha seva kwa muda ili mysqldump itoe kilichomo, kisha unajenga databesi mpya na kukirudisha humo.

Programu za kulipia nazifikiria pale tu bekapu haipo na njia hizo zimegoma. Sidanganyiki na orodha ya majina ya majedwali inayotokea kwenye jaribio la bure. Majina si data. Natafuta risiti ninayoijua, tuseme ya mwisho kabla umeme haujakatika, nione kiasi na tarehe yake. Isipoonekana, silipi. Naangalia pia kama inalijua toleo lenu: MySQL 8.0 iliachana na faili za .frm, zilizokuwa zikihifadhi muundo wa majedwali, na programu ya zamani inayosoma safu humo itatoka mikono mitupu. Zile za kupakia faili mtandaoni nazikataa, kwani majina na simu za wateja zimo humo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Jedwali likiharibika tena muda mfupi baadaye, na safari hii umeme haukukatika, acha databesi kwanza. Endesha smartctl uone hali ya diski, halafu pima na RAM.