Kiungulia cha usiku na "H. pylori" isiyoisha: jibu kwa mwenye presha

Mkuu, umesema kiungulia kinakuamsha saa nane usiku, umeshameza dozi tatu za H. pylori (bakteria wa tumboni) na kila ukipima damu unaambiwa bado unao. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, unameza ukishakula na huoni nafuu. Mimi naishi na huu ugonjwa miaka mingi, ngoja nikuchambulie.

Tuanze na hicho kipimo cha damu. Kinatafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hizo hubaki muda mrefu, hata miaka, baada ya bakteria wenyewe kufa. Kwa mtu aliyekwisha kutibiwa, jibu hilo halisemi kitu. Pima choo au pumzi, walau wiki nne tangu umalize antibiotiki, na omeprazoli uwe umeiacha wiki mbili. Mimi maabara moja ya mtaani walitaka kunianzishia dozi nyingine, zile za kuacha mdomo na ladha ya chuma siku nzima. Daktari mmoja akasema pima choo kwanza. Kikatoka safi.

Ndipo nikapigwa kamera, ule mpira wa kuangalia tumboni kupitia mdomoni. Usiiogope: wanakupulizia ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unauma kiplastiki, mate yanachuruzika tu, na baada ya dakika chache kimeisha. Tumbo langu lilikuwa zima. Palipoungua ni sehemu ya chini ya umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni kwenda tumboni, juu kidogo ya ule msuli unaotakiwa kufunga mlango wa tumbo. Ukilegea, asidi inapanda. Hivyo si vidonda vya tumbo, ingawa huku kwetu kila kinachowaka juu ya kitovu tunakipa jina hilo.

Sasa omeprazoli. Inazima pampu za asidi zilizo kazini, na pampu huingia kazini unapokula. Imeze nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Kwa wengi ni asubuhi, ila shida ikiwa ya usiku daktari anaweza kukuhamishia kabla ya chakula cha jioni. Ipe siku kadhaa, haizimi moto papo hapo. Hiyo ni kazi ya dawa nyeupe za maji au za kutafuna. Na ukiitumia miezi usiikate ghafla, asidi hurudi kwa hasira. Shuka taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Kilichonisaidia kuliko vidonge ni kitanda. Inua miguu ya upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai, kunakukunja tumbo. Mke wangu alinung'unika kwamba anateleza kuelekea miguuni, akazoea. Chakula cha mwisho kiwe masaa matatu kabla ya kulala, na ulalie kushoto.

Orodha za vyakula vilivyokatazwa usizimeze nzima. Mimi chapati za mafuta na kahawa usiku ni balaa, lakini maharage, ambayo kila shangazi ananikataza, hayanifanyi kitu. Angalia lako. Maziwa yanapoza kidogo, kisha tumbo linamwaga asidi tena. Magadi achana nayo, sodiamu yake haielewani na presha yako.

Chakula kikianza kukwama, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi cha kunata, usisubiri, nenda ukapigwe kamera. Hiyo ya kukwama hasa, maana saratani ya umio imeshamiri ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Na kifua kikibana huku jasho likikutoka na maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, huo unaweza kuwa moyo. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Mwisho, hiyo amlodipini unayomeza kwa ajili ya presha. Dawa za kundi lake zinaweza kulegeza msuli ule ule niliousema. Usiiache mwenyewe, mkuu, presha haina mchezo. Mwambie daktari wako kuhusu kiungulia na umuulize kama ipo ya kubadilisha.