Mwandishi wa habari anapokaa kwenye kiti cha kuulizwa

Tarehe 8 Mei 2006, Guy Goma, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville, alikuwa amekaa mapokezi katika jengo la BBC jijini London akisubiri usaili wa kazi ya idara ya kompyuta. Mtu akatokea akiulizia Guy. Naye si ndiye Guy? Akainuka, akafuatana naye, akavishwa kipaza sauti, na punde si punde yuko hewani, moja kwa moja, akitambulishwa kwa watazamaji kuwa ni Guy Kewney, mwandishi wa habari za teknolojia. Akaulizwa ana maoni gani kuhusu hukumu ya kesi kati ya Apple ya kompyuta na Apple Corps, kampuni ya bendi ya Beatles. Uso alioutoa jina la Kewney lilipotajwa bado unazunguka mtandaoni hadi leo. Kewney mwenyewe alikuwa amekaa mapokezi mengine, anamwangalia kwenye runinga mtu asiyemjua akijibu kwa jina lake. Goma alijikaza akajibu, akatoka, akaenda kwenye usaili uliomleta. Kazi hakuipata.

Goma ana udhuru. Waandishi wengi niliowaona wakianguka hawana. Nimekaa pande zote mbili za meza, kwanza nikitafuta kazi na baadaye nikiwa mhariri kwenye majopo, na naweza kusema hakuna watu wanaojiamini kwenye usaili kama sisi. Kuhoji ndiyo kazi yetu, basi tunadhani na kuhojiwa tunakujua. Tunasahau kwamba wanaotuuliza nao ni waandishi. Hawakusikilizi kama mwajiri wa kawaida. Wanakusikiliza kama chanzo cha habari ambacho bado hawajakiamini.

Tuanze na jambo jepesi: soma chombo unachokiomba kazi. Kila mtu analijua hili, na bado watu hawalifanyi. Swali la kwanza mara nyingi ni, "Juma hili umeona nini kwetu ambacho ungekifanya tofauti?" Kijana mmoja aliulizwa hivyo akaanza kuisifia kwa hisia habari moja ya uchunguzi, akaeleza ilivyopangwa na ilivyoandikwa. Alikuwa sahihi kabisa, habari ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba haikuwa yetu. Ilikuwa ya washindani wetu, na mkuu wa dawati, yaani kitengo cha habari, aliyepigwa bao na habari hiyo alikuwa amekaa kushoto kwangu. Siku tatu za kusoma zingemwokoa. Soma pia wanachokiacha: habari gani kubwa wameipita kimya, dawati gani halijatoa kitu cha maana kwa muda. Hapo ndipo penye jibu zuri.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni kingine, nacho ni vyanzo vya habari.

Tulimsaili dada mmoja aliyekuja na kazi nzuri kuliko wote. Alikuwa na habari ya ubadhirifu wa fedha iliyotikisa ofisi nzima. Mhariri mkuu akamuuliza, kama anavyouliza kila mtu, "Hii uliipataje?" Akasema alipewa nyaraka na mtu wa ndani. Mpaka hapo hakuna neno. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mtu huyo ni katibu muhtasi wa mkurugenzi. Mhariri mkuu akaweka kalamu mezani, akamwambia polepole, "Si lazima utuambie." Tulikuwa tunamfungulia mlango atoke. Yeye akadhani tunamtia moyo, akataja jina. Chumba kikapoa. Tukamalizia maswali yaliyobaki kwa heshima, na alipotoka hapakuwa na mjadala.

Mtu anayemtaja mtoa siri wake mbele ya watu asiowajua ili apate kazi, atamtaja pia mbele ya polisi ili apate usingizi. Mwaka 2005 Judith Miller wa gazeti la New York Times alikaa gerezani siku 85 nchini Marekani kwa kukataa kumtaja chanzo wake. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kazi zake nyingine, ambazo zililaumiwa sana, lakini hicho ndicho kipimo ambacho wahariri wengi wanacho kichwani wanapokuuliza ulivyoipata habari. Hawataki jina, wanataka kujua namna unavyofanya kazi. Jibu linalotosha ni hili: "Kuna mtu wa ndani ambaye siwezi kumtaja. Nilithibitisha alichosema kwa nyaraka, na kwa mtu wa pili asiyejua kwamba nimezungumza na wa kwanza. Wahusika niliwapa nafasi ya kujibu kabla hatujachapisha." Wakizidi kukubana, nyamaza. Unyamavu huo utakuongezea alama.

Na wasifu? Usiutie chumvi. Wengine hutia chumvi kidogo tu: habari iliyoandikwa na watu watatu inageuka kuwa yao peke yao, mafunzo ya wiki mbili yanakuwa stashahada. Kuna siku nilimuuliza mtu kuhusu aya ya nne ya makala yake mwenyewe, nikaona wazi kwamba anaisoma kwa mara ya kwanza. Hatari zaidi ni uongo unaopita. Janet Cooke aliajiriwa na gazeti la Washington Post la Marekani akiwa na wasifu wa kupendeza, digrii ya ufaulu wa juu kutoka chuo cha Vassar na lugha kadhaa, na hakuna aliyejisumbua kuuhakiki. Aprili 1981 akatangazwa mshindi wa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari ya mtoto wa miaka 8 aliyedaiwa kudungwa heroini. Maelezo ya wasifu wake yalipochapishwa, wahariri wa gazeti alikotoka huko Toledo wakaona hayalingani na wanayoyajua. Mhariri wake, Ben Bradlee, akamjaribu kwa Kifaransa, lugha aliyosema anaimudu, akababaika. Ndipo ikabainika kwamba hata yule mtoto hakuwepo. Tuzo ikarudishwa, na yeye akajiuzulu. Waliomwajiri nao hawakutoka salama, na tangu hapo mhariri mwenye akili hupiga simu moja au mbili kabla hujapigiwa wewe.

Mtihani wa maandishi nao una mtego ambao nauona wa haki kabisa. Unapewa taarifa kwa vyombo vya habari na nusu saa ya kuigeuza habari. Watu wanakimbilia kupamba aya ya kwanza. Ndani ya taarifa ile kuna makosa tuliyoyapanda wenyewe: asilimia zikijumlishwa zinapita 100, jina la mtu limeandikwa kwa namna mbili, tarehe inasema Jumanne ilhali siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Wengi huyanakili yote jinsi yalivyo, kwa lugha tamu sana. Mmoja aliinua mkono dakika ya tano akauliza kama anaruhusiwa kupiga simu kwa aliyeandika taarifa. Sentensi zake zilikuwa za kawaida, na tukamchukua. Basi kabla hujaandika chochote, jumlisha, gawanya, angalia kalenda. Ukikuta kosa ambalo huwezi kulithibitisha, liandike pembeni kwa ajili ya mhariri.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Usimseme vibaya mhariri wako wa zamani. Dunia ya habari ni ndogo, na huenda namba yake imo kwenye simu ya mmoja wa wanaokusaili. Kama usaili ni wa redio, soma karatasi ya habari kwa sauti nyumbani, hasa tarakimu na majina ya watu wa nje. Jibu likiisha, nyamaza. Unajua vizuri mwenyewe kimya kinavyomfanya mhojiwa aropoke, kwa sababu unakitumia kila siku.

Kuna usaili unaoharibika kwa kosa la wenye nyumba. Kwenye chombo kimoja niliambiwa nilete mawazo matano ya habari kwa maandishi. Nikayaandika kwa ukamilifu, na watu wa kuhojiwa nikawataja. Kazi sikupewa, ila moja ya habari zile ilitoka baadaye kwa jina la mtu mwingine, ikiwa na watu walewale. Nilikasirika, lakini sikuwa na pa kwenda: hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, wazo lenyewe hailindi. Siku hizi nawashauri vijana wapeleke swali la habari, kwa nini ni sasa, na aina ya ushahidi utakaohitajika. Majina, namba na nyaraka zibaki kwako. Na wakikuomba ufanye kazi ya majaribio itakayochapishwa, uliza malipo yake kabla hujaianza.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna, maana umekuja kuomba kazi ya kuuliza. Uliza nani atakuwa anakuhariri, na kama mwanasheria husoma habari nzito kabla hazijatoka. Uliza pia, nikishtakiwa kwa habari niliyowaandikia, nani atamlipa wakili? Usiliache swali hilo hasa kama utakuwa mwandishi wa kujitegemea. Mara nyingi watasema, "Hilo usijali, tuko pamoja." Waambie vizuri kwamba umefurahi kusikia hivyo, na uombe liingizwe kwenye mkataba kabla hujasaini.